Moduli ya kwanza ya kuchezesha: uanze na ipi, na uifuate kiasi gani

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeanzisha kundi la Dungeons & Dragons (D&D, gemu ya mezani ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika, msimamizi anaongoza mkasa na dadu zinaamua) juzi juzi, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Tuko watano, mimi ndo msimamizi, kanuni tumeshazisoma na dadu tunazo ila muda wa kutunga mkasa wangu sina. Naona watu wanasifia moduli kibao, za zamani na za sasa. We zipi unazipenda kweli, nianze na ipi, na ni lazima nifuate kila kilichoandikwa? Maana wachezaji wangu nawajua, wabishi hao."

Marahaba mdogo wangu. Hilo la wabishi umeliweka mwishoni kama utani lakini mi naona ndo swali lenyewe, kwa sababu moduli za kuwafaa wachezaji watiifu zimejaa, mtu mtiifu hata ukimsomea ratiba ya mabasi atafurahi. Kwa wageni wa haya mambo, moduli ni kitabu cha mkasa uliotungwa tayari, una ramani, maadui, watu wa kuongea nao na hazina za kutafuta, msimamizi anausoma yeye peke yake alafu anawachezesha wenzake ambao hawajui kilichomo. Kwahiyo kama we ni mmoja wa wachezaji wa huyu dada ishia hapa hapa, huko chini namwaga siri nje nje.

Kigezo changu ni kimoja tu: wachezaji wakigoma kwenda moduli inakotaka, inabaki na nini? Maana nyingi ni tamu kuzisoma ukiwa umejilaza ila mezani zinakufa, mwandishi alikuwa na riwaya kichwani, anategemea wachezaji watamwamini mzee fulani, watapanda meli fulani, watamkimbiza adui lakini wasimkamate maana bado anahitajika sura ya saba. Sasa hao wabishi wako watamkamata sura ya pili, watamfunga kamba, watamuuliza maswali, na we umekaa na kurasa mia na kitu ambazo hazina kazi tena. Mfululizo wa moduli za Dragonlance ulioanza 1984 ndo mfano unaotajwa siku zote, hadithi kubwa kweli na riwaya zake ziliuzwa sana, lakini kwenye moduli zenyewe kulikuwa na kanuni ya kwamba wahusika fulani wasife kifo cha kueleweka mapema kwa sababu hadithi bado inawataka mbele ya safari. Mtu kaanguka kwenye shimo la moto alafu unatakiwa utafute namna ya kumrudisha. Mi hapo nafunga kitabu.

Zinazodumu ni zile zinazokupa sehemu, watu waliomo kwenye hiyo sehemu, na kila mmoja wao anataka nini. Ukishajua nani anataka nini ubishi haukusumbui, unaangalia tu nani kaguswa na atajibu vipi.

Haya, kwa D&D toleo la tano anza na Lost Mine of Phandelver. Ilitoka 2014 ndani ya boksi la Starter Set, kitabu chenyewe kina kurasa 64, kinawatoa wahusika levo (ngazi ya uwezo) ya kwanza mpaka ya tano, na boksi lilikuja na wahusika watano walioshatengenezwa kwahiyo wachezaji wako wanne wanachagua tu. Mwanzo wake ni wa kawaida kabisa: mnasindikiza gari la maksai lenye bidhaa kutoka mji wa Neverwinter kwenda kimji kinaitwa Phandalin, njiani mnakuta farasi wawili wamekufa katikati ya barabara, mishale yenye manyoya meusi imewachoma, na vichakani wamejificha goblini wanne, vijitu vikorofi vya hadithini. Kuwa makini hapo, hii vita ya kwanza imelaza makundi mengi sana ya watu wapya, levo ya kwanza mtu ana pointi za uhai za kuhesabu kwa vidole, mshale mmoja uliokaa vizuri ukichanganya na bahati mbaya ya dadu umeshamlaza kasisi, na kasisi ndo mlikuwa mnamtegemea awatibu. Mwandishi kaliona hilo, ameandika kabisa kwamba goblini wakishinda wanawapora vitu na kuwaacha mmezimia, hawawachinji. Wewe liweke kichwani kabla ya kuanza maana usiku wa kwanza ukiua watu wote wanne hawarudi tena.

Ila sababu ya mimi kuipenda iko pangoni, pale goblini wanakoishi. Bosi wao ni jitu la manyoya linaitwa Klarg, na msaidizi wake, goblini anaitwa Yeemik, anautaka ubosi. Wachezaji wakifika kwa Yeemik wanamkuta amemshika Sildar, askari aliyetekwa njiani, amemburuta mpaka ukingoni, anawaambia mkija nambwaga chini, tuongee. Anachotaka ni wakamuue Klarg wamletee kichwa chake, ndo amwachie mateka. Hebu ona hapo, ni mara ya kwanza hawa watu wanacheza gemu, walidhani goblini ni vitu vya kukatwa panga, ghafla goblini anafanya siasa mbele yao. Wengine watakubali, wengine watajifanya wamekubali, kuna mmoja lazima atarusha mshale, na yote hayo yanafanya kazi bila wewe kubadilisha mstari hata mmoja. Bora zaidi, Yeemik mwenyewe hana mpango wa kutimiza ahadi kiungwana, akiletewa kichwa anaanza kudai hela juu.

Katikati inafunguka, mji una genge linaitwa Redbrands linaloonea watu, kuna kazi ndogo ndogo unaweza kuzifanya kwa mpangilio wowote, na kuna kijiji kilichohamwa kinaitwa Thundertree ambako amekaa joka la kijani, Venomfang. Kwa umri wa majoka ni kijana tu lakini linaweza kumaliza kundi zima kwa pumzi moja ya sumu. Usilifiche. Waonyeshe mapema buibui wakubwa waliokufa na mnara uliobomoka paa, waache waamue wenyewe, na likiumia nusu linaruka linaondoka, hivyo ndivyo lilivyoandikwa na ni sawa, joka sio bondia wa kusubiri kengele. Udhaifu wa moduli ni adui mkuu, anaitwa Black Spider, wachezaji wanakutana naye mwisho kabisa kwenye mgodi na wanakuwa hawana hata ugomvi naye, hawajawahi kumwona. Dawa yake rahisi, mlete mjini mapema amevaa sura nyingine, awanunulie kinywaji.

Ukishaonja hiyo rudi nyuma usome The Keep on the Borderlands (ngome ya mpakani na bonde la mapango jirani yake), aliyoiandika Gary Gygax mwenyewe, mmoja wa wale wawili waliotoa D&D mwaka 1974 (mwingine ni Dave Arneson). Hii ina tarehe ya 1979 na ndo iliyowekwa ndani ya maboksi ya kuanzia ya wakati huo kwahiyo kizazi kizima cha Marekani kilijifunzia hapo. Ukiisoma kwa haraka utaiona kavu, hata majina ya watu hamna, mkuu wa ngome anaitwa mkuu wa ngome, kasisi ni kasisi, majina unaweka wewe. Lakini lile bonde la mapango! Kila pango lina kabila lake, wapo orki, goblini, hobigoblini, naoli na viumbe wengine wa hadithini, na hawapendani hata kidogo, kitabu kinakwambia wazi kwamba wachezaji wajanja wanaweza kuwagombanisha. Kuna zimwi mmoja anaishi peke yake jirani na goblini, kazi yake ni kukodishwa. Goblini wakizidiwa wanarusha gunia la sarafu 250 za dhahabu kupitia mlango wa siri, zimwi anaokota, anakuja kupiga mtu. Alafu imeandikwa kwamba orki na naoli nao walishawahi kumnunua. Mistari mitatu minne hivi, lakini tayari una mtu wa kuhongwa, wa kusalitiwa, wa kuiba gunia lake kabla hajalifikia. Na kule kwenye ngome, ambako wachezaji wanadhani wako salama, kuna kasisi mcheshi anayewapa ushirikiano mzuri sana na kumbe yuko upande wa maadui. Wabishi wanampenda huyu kuliko anavyostahili.

Sasa kama unatafuta kitu cha pwani, cha mji wa wavuvi na magendo, kuna The Sinister Secret of Saltmarsh, ya 1981, iliandikwa Uingereza na Dave Browne akishirikiana na Don Turnbull, na imerudishwa kwa kanuni za toleo la tano ndani ya kitabu cha Ghosts of Saltmarsh cha 2019. Mi hii naiweka juu sana. Juu ya jabali nje ya mji kuna nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akifanya mambo ya kichawi, watu wanasema ina mashetani, usiku taa zinaonekana. Wachezaji wanaingia wanasikia sauti, mlio wa ajabu, wanakimbia, wanarudi, na taratibu wanagundua ni mazingaombwe tu, kumbe ni wafanya magendo wanawatisha watu wasisogee, na zile taa ni ishara kwa meli yao inayosubiri baharini. Ghorofani kuna jamaa amefungwa kamba na kuzibwa mdomo, anasema alivamiwa usiku, anaomba ajiunge na kundi. Ni pandikizi. Katumwa na mfanyabiashara wa mjini ambaye anakula na hao wafanya magendo. Wachezaji wengi wanampa hadi upanga.

Lakini utamu unakuja baada ya hapo, ile meli wakiikamata wanakuta imebeba silaha za kuuzwa kwa watu-mijusi wa huko kwenye mabwawa, mji mzima unaingia hofu kwamba watu-mijusi wanajiandaa kuuvamia, wachezaji wanatumwa moduli ya pili, Danger at Dunwater ya 1982, waende wakachunguze. Kundi linaloingia na mapanga linaua watu kibao alafu linagundua katikati ya maiti kwamba wale walikuwa wanajihami dhidi ya adui mwingine wa kutoka baharini ambaye ni hatari kwa wote, mji pamoja na wao. Kundi linalobisha hodi linaondoka na washirika. Hakuna mahali kitabu kinawaambia "mmekosea", kinaacha matokeo yaseme.

Naona hujasema kama mmejifunga kwa D&D peke yake. Kama mna usiku mmoja tu wa kucheza, au kuna mtu kwenye kundi hapendi mapanga na majoka, chukua Call of Cthulhu, gemu ya upelelezi wa mambo ya kutisha, na mkasa wake wa kuanzia, The Haunting. Umekuwepo tangu gemu itoke 1981 na sasa unapatikana bure ndani ya kijitabu cha kanuni fupi cha wachapishaji wake, Chaosium. Ni Boston, 1920, mwenye nyumba mmoja anaitwa Knott ana nyumba haipangishiki, wapangaji wa mwisho walipatwa na mabaya, anawalipa wahusika waende kuangalia kuna nini. Nusu ya kwanza ni kuzunguka mjini, gazetini, maktaba, ofisi ya kumbukumbu za kesi, unakusanya habari za mtu anaitwa Walter Corbitt aliyeishi humo zamani na hakuondoka vizuri. Nusu ya pili ni nyumba.

Nikuonyeshe kitanda, maana watu wanaiharibu sana sehemu hii. Chumba cha juu kina kitanda cha kawaida na dirisha, basi. Mchezaji anaingia, hakuna kitu, anaenda dirishani kuchungulia, kitanda kinakuja kwa kasi kinamsukuma nje, chini ni ghorofa moja. Msimamizi mgeni anataka kuweka muziki, upepo, kivuli, mchezaji anajua kuna kitu hapa anabaki mlangoni. Usifanye hivyo. Kieleze chumba kwa sauti ileile uliyotumia kueleza jikoni, alafu uulize tu kwa utulivu, unasimama wapi hasa? Mtu anajibu "naangalia nje dirishani" na we unaokota dadu. Baada ya hapo hutahitaji muziki, kila chumba watauliza kuna fenicha gani, na wakishuka chini kwenye stoo kisu kikaanza kuelea chenyewe, utaona watu wazima wanakunja miguu juu ya kiti.

Kwa kundi linalopenda uigizaji zaidi ya kupigana, la kukaa nalo mwaka mzima, ni Ravenloft. Ya kwanza ni ya 1983, kurasa 32 tu, waliandika mtu na mkewe, Tracy na Laura Hickman. Inasemekana ilianza baada ya Tracy kucheza mkasa wa mtu mwingine, akafungua mlango wa chumba akamkuta vampaya amekaa tu mle ndani kama furushi, akajiuliza huyu anafanya nini hapa. Wakatengeneza vampaya mwenye sababu, Strahd von Zarovich, mtawala wa bonde la Barovia, na kasri zima la kuishi. Toleo la sasa ni Curse of Strahd la 2016, limekuwa nene, limeongezwa miji na misitu.

Kitu kilichoifanya idumu ni karata. Mapema kabisa wachezaji wanapigiwa ramli na mama mmoja anaitwa Madam Eva, na zile karata ni za kweli, unazichanganya mezani, unazipanga mbele yao, na zinaamua upanga wa jua umefichwa wapi, kitabu cha siri za Strahd kiko wapi, mshirika wao ni nani, na Strahd mwenyewe watamkuta chumba gani siku ya mwisho. Hata karata za kawaida za kuchezea last card zinatosha, kitabu kina jedwali la kubadilishia. Kwahiyo hata wewe hujui mkasa utaenda wapi mpaka karata zilale. Mchezaji mbishi hawezi kukuambia umempangia, kaona kwa macho yake. Ila Strahd usimfungie kasrini akisubiri kama bosi wa gemu ya video, atume barua ya kuwaalika chakula cha usiku, atokee mazishini, amsifie mmoja wao, aondoke. Kuna kikundi cha wasafiri humo kinaitwa Vistani kilichorwa vibaya sana, picha zilezile za dharau ambazo Waroma wa Ulaya, wale wanaoitwa jipsi, wamebandikwa miaka yote, na mwaka 2020 wachapishaji wenyewe walirekebisha maandishi, kwahiyo ukipata nakala tafuta iliyorekebishwa. Na ule mkasa wa utangulizi, Death House, uruke au upunguze makali, unaua kuliko kasri lenyewe.

Ukiniuliza ipi naipenda kuliko zote jibu ni Masks of Nyarlathotep, na sio ya kuanzia, nakwambia tu kwa sababu umeuliza "kweli". Ni ya Larry DiTillio akisaidiwa na Lynn Willis, Chaosium, 1984, ya Call of Cthulhu. Mwaka ni 1925, rafiki wa wahusika, mwandishi anaitwa Jackson Elias, anawaita New York, wakifika hotelini wanamkuta ameshauawa. Chumbani kaacha barua, picha ya meli, kadi ya biashara, kiberiti cha baa moja ya Shanghai. Imeisha. Hakuna mzee wa kuwaelekeza, hakuna mshale wa kufuata, kila kitu kinaonyesha mji tofauti na wachezaji ndo wanaamua wapande meli ya wapi: London, Cairo, Kenya, Shanghai, na Australia ambayo haikuwemo toleo la kwanza ikaja kurudishwa. Toleo la 2018 limeongeza Peru na lina zaidi ya kurasa 600. Vile vipande vya magazeti na barua unawapa mkononi, karatasi kabisa, wanazitandaza mezani wanabishana wao kwa wao na we unakunywa chai.

Sura ya Kenya inabidi niizungumzie. Habari ya nyuma ni kwamba tajiri wa New York, Roger Carlyle, alileta msafara wake 1919, wakapitia Misri, wakashukia Mombasa, wakaingia bara wakapotea, ikatangazwa wameuawa wote. Kwenye vile vipande vya magazeti kuna kimoja kifupi kinasema Wanandi watano wamenyongwa kwa mauaji hayo baada ya kesi ya chapchap. Mchezaji wa Chicago anakisoma anapita, anatafuta jina la adui. Mtu wa huku anasimama hapo hapo, maana anajua serikali ya Waingereza ilishapigana na Wanandi karibu miaka kumi mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa 1905 kwenye kilichoitwa mazungumzo ya amani, kwahiyo ukisikia Wanandi watano kesi fupi kamba, unajua mtu kasingiziwa. Na ndivyo ilivyo kwenye mkasa, waliouawa sio hao waliotajwa na waliofanya sio hao walionyongwa. Yaani ndani ya kipande cha gazeti cha sentensi chache kuna uzi mzito kuliko sura nzima, na sisi ndo tuna macho ya kuuona.

Nairobi ya humo unakutana na Johnstone Kenyatta, ndo huyuhuyu aliyekuja kuwa rais wa kwanza, na yeye ndo anaweza kuwaunganisha wapelelezi na mzee Bundari, mganga. Kenyatta halisi miaka hiyo alikuwa ameajiriwa idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, kwahiyo kumkuta mtaani akizunguka na kazi zake sio uongo mkubwa. Tatizo la sura hii ni maadui: kundi la waabudu wanaocheza ngoma mlimani na kuchinja watu, Afrika ya sinema za zamani za Wazungu kabisa, na hata toleo jipya lililojitahidi kusafisha bado harufu imebaki. Mi nikichezesha naipunguza ngoma naongeza karatasi. Mhusika wa kiume Mwafrika mwaka 1925 anatembea na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, kwenye kikopo shingoni, askari anaweza kumsimamisha popote, wakati mwenzake Mzungu wa kundi lilelile anapanda treni ya Mombasa daraja la kwanza. Watu wa Nairobi bado wanakumbuka risasi za 1922 walipokusanyika kudai mpigania haki Harry Thuku aachiwe, kwahiyo ukienda kuuliza maswali ya mauaji kituoni, nani atakusaidia na nani atakuogopa vinabadilika kabisa. Na nawatafutia wale watano waliokufa familia, mjane mmoja au mdogo wa mtu, anayejua kilichotokea usiku ule na hana sababu hata moja ya kumwambia Mmarekani. Wachezaji wabishi hapo wanakuwa wapole ghafla.

Za haraka haraka. Sailors on the Starless Sea ya Harley Stroh, 2012, ya gemu nyingine inaitwa Dungeon Crawl Classics, kila mchezaji anapewa wanakijiji watatu wanne hivi wasio na ujuzi wowote, mmoja ana uma wa shambani, mwingine ana kuku, mnavamia ngome iliyolaaniwa na atakayebaki hai ndo anakuwa shujaa wako. Kwa kucheka hamna mfano wake. Tomb of the Serpent Kings ya Skerples inapatikana bure na imetungwa makusudi kufundisha, kila sehemu inakuambia inamfundisha mchezaji nini, mwanzoni kabisa kuna sanamu za udongo ukizivunja unapata dhahabu na unavuta sumu. Na Caverns of Thracia ya Jennell Jaquays, 1979, hata usipoichezesha itazame ramani zake, njia za kuingia nyingi, ngazi zinaruka ghorofa, njia zinazunguka na kurudi nyuma yako, hakuna mlango mmoja wa lazima.

Tomb of Horrors achana nayo. Utaikuta kwenye kila orodha ya moduli bora, kuna sura ya shetani wa kijani ukutani mdomo wazi, ukiingia humo unafutika, mhusika kaisha, hakuna dadu ya kukuokoa. Gygax aliipeleka kwenye mashindano ya Origins 1975 kuwanyoosha wachezaji waliojiona wameshindikana, ikachapishwa 1978. Kwa kusoma ni burudani. Kwa watu wako wapya ni njia nzuri ya kuwarudisha kwenye mpira.

Swali lako la tatu, kama ni lazima kufuata: hapana, ila usibadilishe kabla ya kusoma. Soma moduli yote mara moja bila kalamu, alafu chukua karatasi moja, andika majina ya watu muhimu na mbele ya kila jina anachotaka na atakachofanya wachezaji wasipokuja. Yeemik: ubosi. Zimwi: gunia. Strahd: msichana mmoja wa huko anayemtamani. Hiyo karatasi ndo unayochezesha nayo, kitabu kinabaki cha kuangalia ramani na namba. Yale maandishi yaliyozungushiwa mstari kitabuni ili uwasomee wachezaji kwa sauti, usiyasome kama yalivyo, Kiingereza cha mbwembwe kikianza watu wanashika simu, yapitie nyumbani uyaseme kwa maneno yako, sentensi mbili tatu, malizia na kitu wanachoweza kukigusa. Wakikataa mkasa kabisa, wakasema sisi tunafungua duka Phandalin, wakubalie, Redbrands wanakusanya hela kwa wenye maduka.

Kuhusu gharama, kanuni za msingi za D&D zipo bure mtandaoni kihalali na mwaka 2023 sehemu kubwa iliachiwa kwa leseni ya Creative Commons, The Haunting bure, Serpent Kings bure, kwahiyo usinunue kitabu cha jalada gumu mpaka ujue kundi linadumu. Nunua PDF, nenda steshenari uchapishe zile kurasa za sura unayoichezesha tu, nyeusi na nyeupe, ramani ya msimamizi peke yake ndo utoe rangi kama hela ipo. Na ramani hiyo usiwape. Mpe mmoja wao daftari la hesabu la miraba achore kadiri unavyoeleza, na akikosea korido usimsahihishe mpaka aulize.